Replevini: jinsi ya kudai kitu chako chenyewe, si bei yake

Nafanya ukalimani wa mahakamani hapa Columbus, Ohio, Kiswahili na Kiingereza. Kazi hii haina subira: hakimu akimaliza sentensi, wewe unaanza. Miaka kadhaa iliyopita hakimu alimgeukia mama niliyekuwa nimekaa naye, akamwambia kwamba shauri lake ni la "replevin". Nikafungua mdomo, neno halikuja. Nikasema, "Ni shauri la kurudishiwa mali." Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo watanilipa ngapi, mwanangu?" Kanuni za kazi zinanitaka nitafsiri kila kinachosemwa, hata swali nililoulizwa mimi mwenyewe. Nikalitafsiri kwa sauti. Hakimu akavua miwani. "Hapa hatuzungumzii fedha," akasema. "Tunazungumzia sufuria."

Tangu siku hiyo nina deni la kulieleza neno hili vizuri. Mimi si wakili, na mwongozo huu hauchukui nafasi ya wakili. Lakini nimekaa kwenye mashauri ya namna hii ya kutosha kuona watu wetu wanakwama wapi, na mara nyingi wanakwama kabla hata ya kufika mlango wa mahakama.

Neno lenyewe

Replevini ni shauri la kudai kitu chenyewe: gari lenyewe, cherehani yenyewe, sufuria zenyewe. Mashauri mengi ya madai huishia kwenye fedha. Umenivunjia, nilipe, hukumaliza kazi, nirudishie hela zangu. Anayefungua replevini anasema jambo jingine kabisa: sitaki bei yake, nataka kitu changu, na ikiwezekana nikipate kabla hatujamaliza kubishana.

Hilo la mwisho ndilo lililomo ndani ya neno. Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa cha zamani cha Wanormani, "replevir". Humo ndani mna "plevir", yaani kuweka dhamana, na kile kiambishi cha mbele kinaleta maana ya kurudisha. Kurudisha kwa dhamana, basi. Laiti ningepewa sekunde tano zaidi siku ile, ningesema "kukomboa", maana Kiswahili kina neno lake tayari. Mtu hukomboa rehani. Mfugaji hukomboa ng'ombe wake waliokamatwa kwenye shamba la mwenzake. Tofauti ni moja tu: ukikomboa rehani unalipa na mambo yamekwisha, ukikomboa kwa replevini unaweka dhamana, na mambo ndiyo kwanza yanaanza.

Na ng'ombe ndio waliolizaa neno hili. Katika Uingereza ya zamani, kabaila aliyekuwa akidai kodi, au aliyekuta mifugo ya mtu imeingia kwenye mazao yake, aliweza kuwakamata wanyama hao bila kwenda mahakamani, akawafungia zizini. Kuwauza hakuruhusiwa, kuwatumia hakuruhusiwa. Walikuwa mateka wa kumbana mkulima mpaka alipe. Sasa mkulima asiye na ng'ombe wa kukokota jembe, msimu umempita. Akiona ameonewa, alikwenda kwa sherifu, yaani ofisa wa mfalme wa eneo lile, akaweka dhamana ya mambo mawili: kwamba shauri ataliendesha hadi mwisho, na kwamba akishindwa atawarudisha ng'ombe zizini. Sherifu akawafungulia. Jembe likaendelea huku watu wakibishana. Sheria ya Marlborough ya mwaka 1267 ikampa sherifu ruhusa ya kuwafungua akishapokea malalamiko tu, bila kumsubirisha mkulima apate kwanza hati ya mfalme.

Kabaila mjanja aliyewaficha ng'ombe au kuwavusha nje ya himaya ya sherifu alikuwa na dawa yake, iliyoitwa "withernam". Sherifu alikwenda kukamata ng'ombe wa kabaila mwenyewe badala ya wale, akawashikilia mpaka wa kwanza waonekane. Kila nikifika hapa hucheka. Mzee yeyote wa baraza kule nyumbani angeielewa hukumu hiyo bila mkalimani.

Waingereza walivuka bahari na sheria zao, neno likafika Marekani, na huku likaacha mambo ya ng'ombe na kodi likawa la kitu chochote kinachohamishika ambacho mtu anakizuia isivyo haki. Kwao Uingereza utaratibu huo wa zamani wa kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi ulifutwa tarehe 6 Aprili 2014. Kenya wao bado wana sheria yake, Sura ya 293, na ndani yake mpangaji anapewa siku za kukomboa vitu vyake kwa dhamana kabla havijauzwa. Neno la mkulima wa 1267 bado linafanya kazi Nairobi, ingawa wapangaji wengi hawajui kama lipo.

Hatua ya 1: Jiulize unadai kitu au unadai fedha

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Hela ulizomkopesha shemeji si kitu cha replevini. Hela za upatu ambazo mshika fedha amezila si kitu cha replevini. Fedha zikishachanganyika na fedha nyingine hakuna wa kuonyesha noti ipi ni yako. Hilo ni deni, na deni lina shauri lake. Kitu cha replevini ni kile ambacho ofisa aliyetumwa na mahakama anaweza kuingia chumbani, akakinyooshea kidole akasema, "hiki hapa."

Jiulize pia kama bado kipo. Kikiwa kimeuzwa, kimevunjwa, au kimesafirishwa kwenye kontena hadi Mombasa, utapoteza muda kukidai chenyewe. Dai thamani yake.

Na hata kikiwapo, je, unakitaka kweli? Kochi la miaka minane ambalo nje linauzwa dola 60 halifai ada ya mahakama. Wapo wanaofungua shauri kwa hasira, na siku kochi linaporudi hawana pa kuliweka.

Hatua ya 2: Si nani mwenye mali, ni nani mwenye haki ya kukishika leo

Katika hatua zote hii ndiyo nzito, na ndiyo inayowaudhi watu. Mahakama haikuulizi kwanza kama kitu ni chako. Inakuuliza kama leo hii una haki ya kuwa nacho mkononi. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja siku zote.

Chukua gari lililoko gereji. Kadi ina jina lako, bima ina jina lako. Lakini fundi amebadilisha gia, hujamlipa, na gari bado liko kwake. Ohio, kama ilivyo sehemu nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, fundi wa namna hiyo ana haki ya kulishikilia mpaka alipwe kwa kazi aliyoifanya. Ukifungua replevini kabla ya kumlipa utashindwa, na kadi yako mkononi. Ukiona bei yake ni ya kukulangua, gombania bei.

Upande wa pili upo pia. Mtu aliyekodi mashine ya kusafishia mazulia kwa miezi sita si mwenye mali, lakini jirani akimnyang'anya mwezi wa pili, yeye ndiye mwenye haki ya kuidai. Mkopeshaji naye, ukishindwa kulipa mkopo wa gari, anapata haki ya kulishika hata kama umeliendesha miaka minne. Sheria za biashara za huku zinamruhusu kulivuta bila mahakama, ilimradi asivunje amani: asivunje mlango, asitishe mtu, asipigane. Ndiyo maana magari huvutwa usiku wa manane. Gari likiwa limefungiwa gereji ya nyumbani, mkopeshaji hana njia ila replevini.

Mali ya mke na mume wanaoachana, iache kwa hakimu wa talaka. Na kitu mlichonunua kwa kuchangia, nusu kwa nusu, ni kigumu kukidai kwa njia hii, kwa sababu mwenzako naye ana haki ya kukishika kama wewe.

Hatua ya 3: Kiombe kwa maandishi

Mama wa sufuria alikuwa anakodisha vyombo vya shughuli: sufuria kubwa za biriani, jiko la gesi, masinia. Alimpa mtu sufuria sita za harusi ya Jumamosi. Jumatatu hazikurudi, wiki ya tatu hazikurudi. Wahenga walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga. Kila akipiga simu anaambiwa "kesho mama". Alikuwa amepiga simu zaidi ya ishirini na hakuwa na ushahidi wa hata moja aliyodai waziwazi.

Kama kitu kiliingia mikononi mwa mtu kwa ridhaa yako, kukaa nacho peke yake bado si kosa. Kosa linaanza umekidai na yeye amekataa au amenyamaza. Kwa hiyo dai, na dai kwa njia inayoacha alama. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia, barua ya rejesta ni bora zaidi. Uandike hivi, bila matusi na bila kumtajia Mungu:

"Tarehe 4 Mei nilikuazima sufuria sita za alumini, kubwa nne na za kati mbili, kwa shughuli ya tarehe 6. Tulikubaliana zirudi tarehe 8. Nazihitaji. Tafadhali zilete, au niambie saa nitakayokuja kuzichukua, kabla ya tarehe 30 Mei. Zisiporudi nitakwenda mahakamani kuzidai."

Basi. Usimtishie kumpeleka polisi ili akupe. Utishaji wa aina hiyo unaweza kukugeukia. Na usiende kuvunja mlango. Nimekaa na mtu aliyekwenda kuchukua televisheni yake mwenyewe dirishani, na siku hiyo sikuwa natafsiri shauri la madai. Natafsiri jinai.

Akijibu, hata kwa dharau, hifadhi jibu. "Sikupi mpaka unilipe zile mia mbili" ni jibu zuri sana kwako: limekiri kwamba anacho.

Hatua ya 4: Kieleze mpaka asiyekijua akitambue

Ofisa atakayetumwa hajawahi kukuona wala kuona kitu chako. Atabeba karatasi. Karatasi ikisema "cherehani nyeusi", na nyumba ina cherehani tatu nyeusi, atarudi mikono mitupu.

Cherehani mara nyingi ina namba ya utambulisho kwenye kibati chini ya kitako, igeuze uisome. Gari lina namba ya chasisi pale chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Simu na kompyuta, namba ziko kwenye boksi kama hukulitupa. Risiti, picha za siku ya kununua, hata picha ya sherehe ambamo kitu kinaonekana nyuma ya watu, zote zina kazi. Mali bila daftari huisha bila habari, na mahakamani methali hii ina maana ya moja kwa moja.

Sufuria je? Sufuria haina namba. Hapo ndipo yule mama alipotushangaza. Wakili wa upande wa pili alisema kwamba sufuria za alumini zote zinafanana, na mteja wake ana zake. Mama akasema za kwake ukizigeuza utakuta chini, karibu na ukingo, alama tatu za rangi ya kucha, nyekundu, zimepangwa kama mafiga. Alizipaka mwenyewe, kila moja, kama mama yake alivyokuwa akipaka za kwake. Na alikuwa na picha ya sufuria zimefudikizwa uani zinakauka, alama zinaonekana. Nilitafsiri "mafiga" kwa sentensi nzima, nikaeleza mawe matatu ya jikoni, na hakimu akachora nukta tatu kwenye daftari lake.

Hatua ya 5: Chagua mlango, na ujue mlango huo unaitwaje

Ohio ina mtego hapa. Watu husikia kuna mahakama ya madai madogo, ya haraka na ya bei nafuu, isiyohitaji wakili, inayosikiliza madai yasiyozidi dola 6,000. Wanakimbilia huko na sufuria zao. Sheria ya jimbo imeitoa replevini kwenye mamlaka ya mahakama hiyo kwa kuitaja jina. Huko unaweza kudai bei ya sufuria, sufuria huzipati. Ukitaka kitu chenyewe, nenda mahakama ya manispaa kama thamani haizidi dola 15,000, na zaidi ya hapo mahakama ya "Common Pleas" ya kaunti yako.

Majimbo mengine yana desturi zao na hata majina yao. Watanzania na Wakenya wengi wanakaa kando ya mto Potomac, upande huu Maryland, upande ule Virginia. Maryland utakuta replevini na pia ndugu yake, "detinue". Ukivuka daraja ukaingia Virginia, sheria imeandika wazi kwamba replevini imefutwa, unafungua "detinue". Zamani ndugu hawa waligawana kazi: replevini ya kitu kilichonyakuliwa, detinyu ya kitu ulichotoa kwa hiari kikazuiliwa. Siku hizi mpaka huo umefifia. Minnesota na California utatafuta fomu za "claim and delivery", yaani dai na makabidhiano. Jambo ni lilelile. Nimeona watu wakiacha haki yao kwa sababu fomu ya mtandaoni ilikuwa na jina tofauti na walilosikia kwa rafiki wa jimbo jingine.

Kwa aliyeko Kenya: sheria ya nchi inatambua sheria ya mazoea ya Uingereza ("common law") kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa hiyo detinyu bado ni hai huko, ingawa Waingereza wenyewe waliifuta mwaka 1977. Mlango wa karibu ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo tofauti na ya Ohio inaruhusiwa kusikiliza madai ya kurudishiwa mali inayohamishika, mradi thamani isizidi shilingi milioni moja. Unaweza kujisimamia mwenyewe, na Kiswahili ni ruksa. Tanzania mara nyingi utaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na polisi wakikuambia "hii ni madai, siyo jinai" hawakufukuzi, wanakuelekeza mahakamani.

Ukienda dirishani kwa karani, popote Marekani, sema mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Usije na mtoto wako wa darasa la saba akutafsirie kiapo.

Hatua ya 6: Kiapo

Kama unataka kitu kabla ya hukumu, hati ya madai peke yake haitoshi. Unaweka ombi na hati ya kiapo. Ohio inataka kiapo hicho kieleze: kitu ni kipi, haki yako juu yake ni ipi na imetoka wapi (ambatisha mkataba kama upo), mwenzako alikipataje, kwa nini kuendelea kukishikilia si halali, anakitumiaje, kina thamani gani kwa kadirio, na kwa unavyojua kiko wapi.

Ukiandika thamani, kuwa mkweli. Kishawishi cha kupandisha ni kikubwa, na utakiona kinavyokuumiza katika hatua inayofuata.

Mahali kilipo nako kuna kazi. "Kwake" haitoshi. Andika stoo ya chini, nyumba namba fulani, au gari liko uani nyuma ya duka. Ofisa hatafuti, anachukua.

Hatua ya 7: Dhamana

Sasa tumerudi kwenye ng'ombe. Hakimu akiona kuna sababu ya kuamini kwamba utashinda, anaweza kuagiza upewe kitu mapema. Lakini haagizi kwa sababu anakupenda, wala kwa sababu umeshathibitisha. Bado hujathibitisha. Anaagiza kwa sababu umeweka dhamana kwamba ikionekana umekosea, mwenzako hatadhurika. Ohio dhamana hiyo ni mara mbili ya thamani ya kitu. Gari la dola 7,000 linataka dhamana ya 14,000. Unaweza kuweka fedha taslimu, au kupata kampuni ya udhamini isimame kwa ajili yako kwa malipo ambayo hayarudi.

Hapo ndipo aliyeandika kwamba cherehani yake ni ya dola 3,000, wakati ni ya 900, anapogundua kwamba anatakiwa kuweka 6,000.

Mwenzako naye hakufungwa mikono. Anaweza kuweka dhamana ya kiasi hichohicho akabaki na kitu mpaka hukumu. Watu huliona jambo hili kama ujanja wa matajiri, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini ukiangalia vizuri ni mizani ileile ya zamani: anayetaka kukaa na kitu wakati wa ugomvi ndiye anayebeba hatari ya ugomvi.

Je, ni lazima? Hapana, na hili makarani huwa hawalisemi. Dhamana ni ya kupata kitu mapema. Kama unaweza kusubiri hukumu, huweki dhamana. Unalipa ada, unafika siku ya kusikilizwa, na ukishinda ndipo amri ya kurudishiwa inatoka. Kwa kitu cha dola mia tisa ambacho hakiozi na hakiuziki haraka, mimi ningesubiri. Kwa gari linaloweza kuvushwa jimbo jingine wiki ijayo, au mashine unayotegemea kwa kazi, dhamana ina maana.

Ukiwa wewe ndiye uliyeletewa karatasi

Watu wetu, kusema kweli, wako upande huu mara nyingi kuliko ule. Umenunua fanicha kwa mkopo, umekatiwa saa za kazi, na siku moja bahasha inakuja.

Ifungue siku hiyohiyo. Ohio notisi inakupa siku tano za kazi tangu uipokee kuomba kusikilizwa, na ombi liwe la maandishi lililofika mahakamani. Usipoomba, hakimu anaweza kutoa amri bila kukuona. Siku tano za kazi ni wiki moja. Nimeona bahasha iliyokaa juu ya friji siku tisa ikisubiri mtoto arudi chuoni aisome.

Hizo siku tano hazikuwapo zamani. Zilitoka kwa mama mmoja wa Florida aitwaye Margarita Fuentes, aliyenunua jiko la gesi na gramafoni ya stereo kwa mkopo kutoka kampuni ya Firestone. Alilipa zaidi ya mwaka. Zilibaki kama dola 200. Jiko likaleta shida ya matengenezo, wakagombana, akaacha kulipa. Kampuni ikajaza fomu kwa karani, na sherifu akaja kuchukua jiko na gramafoni kabla mama hajapokea hata wito. Kesi yake ikafika Mahakama Kuu ya Marekani pamoja na nyingine za Pennsylvania. Mojawapo ya hizo ilikuwa ya Rosa Washington. Mtalaka wake alikuwa naibu sherifu anayezijua fomu hizi kama kiganja chake, wanagombania mtoto, na akapata hati ya replevini ya kuchukua nguo za mtoto, samani zake na vitu vyake vya kuchezea. Tarehe 12 Juni 1972, kwa kura nne dhidi ya tatu, mahakama ilisema serikali haiwezi kumwingilia mtu nyumbani kumchukulia vitu bila kumpa nafasi ya kusikilizwa kwanza. Miaka miwili baadaye mahakama hiyohiyo ililegeza kidogo, ikakubali amri ya upande mmoja mahali ambapo jaji mwenyewe anasimamia na usikilizwaji unafuata upesi. Lakini msingi ulibaki.

Kwa hiyo omba kusikilizwa hata kama unajua unadaiwa. Pale ndipo utakapoonyesha risiti ambazo kampuni ilisahau kuzihesabu, au kwamba kitu wanachokidai si kile ulichonunua. Na usikifiche kitu wala kumpa binamu akitunze. Kukificha baada ya notisi hukugeuza kutoka mdaiwa kuwa mtu anayeidharau mahakama.

Hatua ya 8: Hukumu na siku ya kuchukua

Ukishinda, hukumu inasema kitu kirudi kwako. Inaweza kuongeza fidia kwa muda uliokikosa: kwa mama anayekodisha vyombo, Jumamosi alizokosa wateja zina hesabu, mradi ana daftari. Na kile kisichopatikana hugeuzwa thamani yake kwa dola.

Jipange kwa usafiri. Ofisa anakabidhi, habebi hadi kwako. Njoo na gari lenye nafasi, watu wawili, na nakala ya amri. Kagua papohapo na mwandikishe ofisa kila kilichovunjika kabla hujaweka sahihi.

Mama alikwenda na mwanawe na gari la kuazima. Aligeuza kila sufuria pale pale kibarazani, akitafuta zile nukta tatu. Tano alizipata, moja ikiwa na mshiko mpya uliochomelewa vibaya. Ya sita haikuonekana, na mahakama iliiandikia bei ya dola 140. Aliponiona mara nyingine koridoni, kwa shauri lisilomhusu, alinishika mkono akasema, "Si nilikuuliza watanilipa ngapi, ukanicheka?" Sikuwa nimecheka, lakini ni mama mtu mzima, nikamwomba radhi.